Kinga ya Mtoto Mchanga Ilivyojengwa na Mataifa Mengi

Virusi vya Ukimwi (VVU), bakteria wa kaswende na virusi vya homa ya ini aina ya B vyote huweza kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, ingawa kila kimoja kina njia yake kuu. Kaswende humfikia mtoto akiwa bado tumboni kwa kupenya kondo la nyuma. Homa ya ini humwambukiza hasa wakati wa kuzaliwa, anapogusana na damu na majimaji ya mama. VVU hutumia njia hizo mbili na kuongeza ya tatu, yaani maziwa ya mama. Mama mwenye VVU asipopata huduma yoyote, uwezekano wa kumwambukiza mwanawe huwa kati ya asilimia 15 na 45, lakini akitumia dawa ipasavyo hushuka chini ya asilimia 5 hata akinyonyesha. Mafanikio hayo si ya maabara moja wala ya nchi moja, na si kweli pia, kama inavyodhaniwa mara nyingi, kwamba maarifa yalitoka Kaskazini na Afrika ikayapokea tu.

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani na Ufaransa walithibitisha kwamba zidovudini, dawa ya kufubaza VVU, ikitolewa kwa mama wakati wa ujauzito, kisha kwa dripu wakati wa uchungu, na hatimaye kwa mtoto kwa wiki 6, hupunguza maambukizi kwa takriban theluthi mbili. Utaratibu huo, hata hivyo, ulidai dawa za bei kubwa na mtoto asiyenyonyeshwa, masharti yasiyotekelezeka katika hospitali nyingi za Afrika. Jibu lilitoka Kampala. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitangaza matokeo ya utafiti uliofanyika Hospitali ya Mulago: kidonge kimoja cha nevirapini cha miligramu 200, alichomeza mama uchungu ulipoanza, pamoja na dozi moja ya dawa ya maji kwa mtoto ndani ya saa 72 baada ya kuzaliwa, vilipunguza maambukizi kwa karibu nusu vikilinganishwa na zidovudini ya muda mfupi. Kidonge hicho mjamzito aliweza kupewa kliniki akakaa nacho nyumbani akisubiri siku yake.

Dozi hiyo moja ilikuwa na kasoro. Nevirapini hukawia kutoka mwilini, na ikiwa peke yake huviacha hai virusi vichache vilivyobadilika kiasi cha kutodhurika nayo. Hali hiyo, inayoitwa usugu wa dawa, iliweza kuharibu matibabu ya baadaye ya mama yule yule aliyemkinga mwanawe. Dawa mseto zilipoanza kupatikana, miongozo ya kimataifa ilitaka mama apimwe kwanza wingi wa chembe za kinga zijulikanazo kama CD4 ili ijulikane kama anastahili matibabu ya kudumu, na mashine za kipimo hicho hazikuwapo katika zahanati nyingi. Mwaka 2011 Malawi iliamua kuachana na sharti hilo: kila mjamzito au mama anayenyonyesha akikutwa na VVU aanze dawa na aendelee nazo maisha yake yote. Uamuzi huo, uliozaliwa na uhaba, uliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika miongozo yake ya mwaka 2013.

Kaswende ni habari nyingine, na ni ya kusikitisha zaidi kwa sababu tiba yake ni ya zamani na ya bei ndogo. Utafiti uliofanyika mkoani Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba robo ya wanawake wenye kaswende kali ambayo haikutibiwa walijifungua watoto wafu, ilhali kwa wasio na ugonjwa huo ilikuwa takriban asilimia 1; waliotibiwa kwa sindano moja ya benzathini penisilini hawakuwa na hatari kubwa kuliko wasiougua. Leo kipimo cha pamoja cha VVU na kaswende huhitaji tone moja la damu ya kidole. Hata hivyo, kati ya 2014 na 2016 nchi kadhaa ziliishiwa na penisilini hiyo, kwa kuwa viwanda vinavyotengeneza malighafi yake ni vichache na faida yake ni finyu. VVU ilipata wafadhili wakubwa, kaswende haikupata.

Kinga ya homa ya ini aina ya B nayo ilichelewa. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kubaki na virusi hivyo mwilini na kukabiliwa baadaye na saratani ya ini, wakati kwa mtu mzima uwezekano huo hauzidi asilimia 5. Kinga ni chanjo ndani ya saa 24 za kwanza, ilhali ratiba za nchi nyingi za Afrika zilianza kuitoa katika wiki ya 6. Shirika la Gavi, linalosaidia nchi maskini kupata chanjo, liliidhinisha msaada wa dozi hiyo ya mwanzo mwaka 2018, lakini mpango ukasimama wakati wa UVIKO-19.

Kuba ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa, mwaka 2015, kuwa imetokomeza maambukizi ya VVU na kaswende kwa watoto, na mwaka 2021 Botswana ikawa ya kwanza kutambuliwa katika njia hiyo kati ya nchi zenye mzigo mkubwa wa VVU. Februari 2023 nchi 12 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilikutana Dar es Salaam na kuahidi kumaliza Ukimwi kwa watoto ifikapo 2030.

Ahadi hiyo hutegemea mambo madogo. Kingamwili za mama huweza kubaki katika damu ya mtoto hadi miezi 18, hivyo kipimo cha haraka, ambacho hutafuta kingamwili, hakiwezi kutofautisha aliyeambukizwa na asiyeambukizwa. Muuguzi humchoma mtoto kisiginoni akiwa na wiki 6, hudondosha damu kwenye karatasi maalumu, huikausha na kuituma maabara inayoweza kutafuta kirusi chenyewe. Usafirishaji wa karatasi hizo na vitendanishi vya maabara vimegharimiwa katika nchi nyingi kwa fedha za wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, huduma za kuwakinga watoto ziliruhusiwa kuendelea wiki chache baadaye, lakini watumishi wengi waliolipwa na miradi walikuwa wamekwisha kurudishwa nyumbani. Asipoanza dawa, mtoto mmoja kati ya wawili walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza miaka 2.