Geji Ipi Inafaa kwa Throtobodi Nne?

Bodaboda ina silinda moja, kwa hiyo haina cha kusawazisha. Pikipiki ya mashindano kama Yamaha R6 au Honda CBR600RR ina nne, na kila silinda huvuta hewa kupitia throtobodi yake. Moja ikipitisha hewa nyingi kuliko nyingine, injini hutetemeka ikiachwa ingurume, na dereva anapoanza kuvuta mafuta akitoka konani, nguvu hufika gurudumuni kwa mishtuko. Mafuta yakivutwa hadi mwisho, tofauti hiyo karibu haipo. Anayetafuta spidi zaidi asitoe pesa zake hapa. Kinachouzwa ni utulivu.

Kinachopimwa ni tofauti ya mvuto kati ya silinda. Mara nyingi kinachoruhusiwa ni milimita 10 hadi 20 za zebaki, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako.

Mpira na oili. Ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote: mita chache za mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, uliokunjwa na kutiwa oili kidogo. Milimita 10 za zebaki huonekana kama sentimita 15 hivi za oili, kwa hiyo hata jicho bovu litaona. Ila hupima silinda mbili tu kwa wakati mmoja, na tofauti ikiwa kubwa, injini humeza oili. Ndiyo maana wengi hutumia oili ya tustroki, ambayo huungua.

Geji nne za mshale. Seti ya bei ya chini huwa dola 40 hadi 80. Tatizo ni kwamba geji zenyewe hazikubaliani. Kabla ya kugusa skrubu za kusawazisha, unganisha kila geji kwa zamu kwenye silinda ileile, uandike zinavyopishana. Hakikisha pia seti ina vizuizi vya kutuliza mshale, la sivyo mshale utachezacheza tu.

Carbtune. Hutengenezwa Ireland ya Kaskazini. Vijiti vinne vya chuma hupanda ndani ya mirija iliyosimama sambamba, bila kimiminika chochote. Bei yake inazidi ya geji za bei ya chini, lakini silinda zote nne unaziona kwa mara moja.

TwinMax. Ni ya umeme na husoma silinda mbili. Inamfaa mwenye Ducati ya silinda mbili; mwenye silinda nne atahamisha mipira mara kwa mara.

Geji za zebaki zilizotumika usinunue hata kwa bei ya kutupa: ni sumu, na Mkataba wa Minamata uliweka 2020 kuwa mwisho wa kuzitengeneza.

Injini yenye kemshafti kali ya mashindano huvuta kwa udhaifu na kwa kurukaruka, hivyo geji za mvuto hudanganya. Hapo bora kipima-hewa kinachowekwa mdomoni mwa kila throtobodi, kikisoma kilo za hewa kwa saa.

Kwa fundi, saa nyingi huishia kwenye kufungua tangi na boksi la hewa, si kwenye skrubu. Mwambie apime tapeti siku hiyohiyo, ulipie ufunguaji mara moja. Tapeti zilizobana na mipira iliyopasuka hupotosha geji yoyote, kwa hiyo hizo ndizo za kwanza kushughulikiwa. Baada yake, mwenye silinda mbili atatoshwa na mpira na oili. Mwenye nne anayekimbia kila msimu, Carbtune itamrudishia pesa yake.