Homa Inayotoka Zizini

Ndugu mfanyakazi, homa ikikupata husema mara moja: malaria. Mara nyingi hukosei, maana hapa Uvira, kando ya ziwa na katika bonde la Ruzizi, mbu hawahesabiki. Lakini iko homa nyingine isiyoletwa na mbu. Inatoka kwa ng'ombe na mbuzi, na dawa za malaria haziiponyi. Jina lake ni brusela.

Wengi wetu tunafuga. Mtu wa mgodini huweka sehemu ya mshahara katika mbuzi wawili watatu nyuma ya nyumba, au katika ng'ombe aliyeachiwa mchungaji upande wa Sange, Luvungi, au juu milimani Itombwe. Ni akiba nzuri, wala hatusemi uiache. Ila ujue mlango ambao ugonjwa huu unapitia.

Mlango wa kwanza ni maziwa mabichi. Wazee wengine husema maziwa yakichemshwa yanapoteza nguvu. Nguvu yake karibu yote inabaki, vinavyokufa ni vijidudu. Na usidanganywe na maziwa ya kuganda: ule uchachu hauui vijidudu vyote, na katika jibini mbichi vinaweza kuishi majuma mengi. Mama wa nyumbani, chemsha kwanza, acha yapoe, ndipo uyagandishe kwa kutia kidogo maziwa ya kuganda ambayo nayo yalichemshwa.

Jambo hili lilijulikana zamani. Katika kisiwa cha Malta askari wa Uingereza walikuwa wakiugua homa ndefu, na mwaka 1887 daktari David Bruce aliwaona vijidudu vyake. Jina la brusela limetoka kwake. Lakini njia ya ugonjwa haikujulikana hadi 1905, Themistocles Zammit alipovikuta katika mbuzi wa kisiwa, mbuzi wenye afya kwa kuwatazama. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na wagonjwa wakapungua sana.

Mlango wa pili wengi hawaufikirii: kuzalisha. Ng'ombe mwenye brusela hutupa mimba, mara nyingi baada ya mwezi wa tano. Ndama aliyekufa, kondo la nyuma na yale maji vimejaa vijidudu. Wewe unavuta kwa mikono mitupu, na mikono ya mchimbaji haikosi michubuko. Vaa glavu, usipokuwa nazo, funga mifuko ya plastiki mikononi. Vichome vyote au uvifukie katika shimo refu, mbwa wasivifukue, kisha oga kwa sabuni. Mama mwenye mimba asikaribie kabisa, kwa sababu brusela inaweza kumharibia mimba yake naye.

Tena ng'ombe huyo, safari inayofuata, mara nyingi huzaa vizuri. Mwenyewe anafurahi, kumbe bado anatoa vijidudu katika maziwa. Kumuuzia jirani kimyakimya ni kumuuzia ugonjwa. Muite muganga wa wanyama ampime.

Kwa mtu, dalili huanza baada ya majuma mawili hadi manne, au hata miezi, wakati maziwa yale yamekwisha kusahauliwa. Homa inakuja na kuondoka, jasho la usiku linalowesha shuka, viungo vinauma, mwili hauna nguvu. Mgongo ukiuma, mtu hulaumu sururu. Wanaume wengine huvimba korodani, na hao, kwa haya, ndio wanaochelewa kuja kwetu.

Basi ukifika dispansere na homa, na kipimo kikaonyesha si malaria, usirudi nyumbani kimya. Sema: tunafuga, tumekunywa maziwa mabichi, mbuzi alitupa mimba mwezi uliopita. Hapo muganga atajua kipimo cha damu cha kuomba. Ikiwa ni brusela, utapewa dawa mbili pamoja, mara nyingi doksisiklini na nyingine, kwa majuma 6. Mama mwenye mimba na watoto wadogo hupewa dawa tofauti, kwa hiyo msigawane vidonge nyumbani. Juma la pili utajisikia mzima na kutaka kuviacha. Ukiviacha, homa itarudi, na safari hiyo inaweza kukaa katika uti wa mgongo.