Miguu Iliyofungwa: Konzo na Njia ya Amri kutoka Kichwani

Mtoto amelala mzima. Alfajiri anateremka kitandani, miguu inakataa. Haijalegea. Imekakamaa, magoti yanasuguana, visigino havigusi chini, na akijaribu kutembea anachechemea kwa ncha za vidole. Hana homa.

Wayaka wa kusini-magharibi mwa Kongo huita ugonjwa huu konzo, yaani miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli, Mtaliano, aliuandika mwaka 1938. Kwetu Tanzania ulizuka Tarime wakati wa ukame wa miaka ya 1980, na baadaye Mtwara. Huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa.

Lakini kwa nini miguu ikakamae badala ya kulegea? Hapo ndipo konzo inapotufundisha jinsi mwili unavyoongozwa.

Amri ya kutembea hutoka kwenye ukanda wa seli juu ya ubongo. Seli hizo zina mikia mirefu inayoshuka, na mingi huvuka upande kwenye shina la ubongo. Ndiyo maana kiharusi cha upande wa kushoto hupoozesha mkono wa kulia. Kisha mikia huingia kwenye ugwe mgongo, kamba laini iliyohifadhiwa ndani ya pingili za mgongo, urefu wake kwa mtu mzima kama sentimita 45. Humo seli ya juu huikabidhi amri seli ya chini, nayo huipeleka kwenye msuli.

Ugwe mgongo, hata hivyo, si wa kupitishia ujumbe tu. Gusa sufuria ya moto: mkono umeshaondoka kabla hujasikia maumivu. Daktari akikugonga chini ya goti kwa nyundo ya mpira, mguu unaruka bila idhini ya ubongo. Kumbe kazi mojawapo kubwa ya ubongo ni kuzuia, kuishika misuli hatamu isijikaze ovyo.

Konzo huharibu seli za juu, hatamu ikakatika. Goti likiguswa kidogo mguu unaruka kwa nguvu. Wayo ukisukumwa juu unatetemeka mfululizo. Polio ni kinyume chake: huua seli za chini, mguu ukalegea na kukonda. Nyundo ile ya mpira inatosha kumwonyesha daktari pa kuanzia kutafuta.

Chanzo ni sayanaidi ya muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, kwa mtu anayekula huo tu siku hadi siku bila maharage, samaki wala nyama, kwa kuwa mwili huhitaji protini ili kuiondoa sumu hiyo. Ukame huongeza sumu kwenye muhogo, na njaa humnyima mama muda wa kuloweka. Inauma kwamba anayelemazwa ni yule asiye na chakula kingine. Seli zilizokufa hazirudi, ingawa kwa kawaida ugonjwa hauendelei kuzidi, na mazoezi ya viungo na magongo humsaidia mgonjwa.

Kinga yake ni ya jikoni. Muhogo ulowekwe siku kadhaa mpaka ulainike, ndipo uanikwe. Kama tayari ni unga, uchanganywe na maji, utandazwe mwembamba juu ya mkeka, kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hupaa kama hewa. Ugali usongwe siku hiyohiyo.