Diski gani inafaa kutunza sauti za redio kwa bei ndogo?

Neno la redio linapita na upepo. Mzee wa Minembwe, Fizi ao Baraka akieleza historia ya ukoo wake, kiisha akafariki, hakuna fasi ingine ya kumsikia ila kwenye diski. Ndiyo maana jambo hili si la mafundi peke yao.

Tuanze na hesabu. Saa 1 ya sauti ya WAV, ubora wa CD, inakula karibu megabaiti 635. Kwa MP3 ya kilobiti 128, ni karibu 58 tu. Redio inayorekodi masaa 5 kwa siku kwa WAV itajaza terabaiti 1 ndani ya miezi 10 hivi.

Sasa, diski zinaungana na kompyuta kwa njia mbalimbali.

IDE ni ya zamani, yenye waya pana kama utepe. Diski zake ni ndogo, na kompyuta za leo hazina tundu lake. Uiache.

SAS inatoka kwenye seva za makampuni. Ile iliyokwisha kutumika inaweza kuwa na bei ya kuvutia, lakini chunga: haiingii kwenye tundu la SATA. Inaomba kadi yake, na kadi hiyo nayo ni pesa.

SATA ilianza 2003 na iko kwenye kompyuta nyingi. SATA ya leo inaweza kupitisha megabaiti 600 kwa sekunde, lakini diski inayozunguka yenyewe mara nyingi inafika 100 mpaka 200 tu. Kwa hiyo usilipe zaidi juu ya kasi iliyoandikwa kwenye karatasi.

USB ndiyo rahisi, lakini angalia namba. Kukopi terabaiti 1 kwa USB 2.0 kunachukua karibu masaa 8; kwa USB 3.0, masaa 3 hivi. Kwa sisi tunaotegemea jua na jeneretari, tofauti hiyo ni batiri na mafuta.

Angalia ukubwa pia. Diski ya inchi 3.5 inabeba vingi kwa bei ndogo, lakini inaomba umeme wa volti 12. Ile ya inchi 2.5 inatosheka na umeme wa USB.

Kwa redio ndogo, tunaona hii ndiyo njia nzuri: ununue diski ya SATA ya inchi 2.5 na kisanduku chake cha USB 3.0, vikiwa mbalimbali. Tundu la USB likivunjika, unabadilisha kisanduku tu, sauti zinabaki. Diski zingine za nje zina USB iliyochomelewa moja kwa moja. Hizo zikivunjika tundu, kazi inakuwa ngumu.

Na pesa uliyookoa, ununue diski ya pili. Moja ibaki redioni, ingine ikae mbali, Baraka ao Uvira. Moto, mwizi ao vita vikifika fasi moja, sauti za wazee zitakuwa salama fasi ingine.