Sura ya Sita: Kidonge cha Majira na Shinikizo la Damu

Ilipita miaka saba tangu Marekani ilipoidhinisha, mwaka 1960, kidonge cha Enovid kitumike kuzuia mimba, hata John Laragh na wenzake wa New York wakatangaza habari za wanawake walioshikwa na shinikizo la damu baada ya kuanza kumeza vidonge vya namna hiyo.

Asili ya jambo hili imo katika ini. Kidonge mashuhuri kina homoni mbili, estrojeni na projestini. Na estrojeni itumiwayo aghalabu, yaani ethinilestradioli, imeundwa kwa namna ambayo ini haliwezi kuivunja upesi kama livunjavyo ile ya mwili wenyewe, basi hulihimiza ini kutengeneza protini kadha wa kadha kwa wingi, mojawapo ikiwa anjiotensinojeni. Protini hii peke yake haina madhara; lakini ikutanapo na renini itokayo mafigoni hukatwa, na kipande chake kikipita mapafuni hukatwa tena, kikawa anjiotensini ya pili, ambayo huibana mishipa na kuziamuru tezi zilizo juu ya mafigo zitoe aldosteroni, ili chumvi na maji visitoke mwilini kwa kadiri ya kawaida.

Hata hivyo, walio wengi hawadhuriki, maana mafigo yao hupunguza renini, mizani ikarejea, na shinikizo likapanda kwa kiasi kidogo kisichotambulikana ila kwa kipimo. Wachache ndio ambao mizani hiyo huwashinda, na hao nao, wakiacha kidonge, aghalabu hupata nafuu baada ya miezi michache.

Fauka ya hayo, Enovid ile ya kwanza ilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni, ilhali vidonge vingi vya leo havizidi 35, na vile vya projestini pekee havielekei kulipandisha shinikizo. Kwa hiyo asemaye kwamba vidonge vyote vya majira vinaleta presha amechanganya mambo. Na amwachishaye mwenzake kidonge bila ya kumwonyesha njia nyingine amemdhulumu, kwani mimba nayo yaweza kuleta shinikizo lililo kali zaidi.

Basi, ewe dada usomaye, usipokee pakiti ya kwanza kabla hujapimwa shinikizo, na upimwe tena kila urudipo kliniki. Ukiambiwa kwamba limefika 140 kwa 90, omba njia isiyo na estrojeni.