Gofu na Nyonga ya Mbele

Mchezaji gofu Tom Watson aliwekewa nyonga bandia upande wa kushoto Oktoba 2008. Julai iliyofuata, akiwa na miaka 59, alibakiza pigo moja tu atwae Mashindano ya Wazi ya Uingereza pale Turnberry, kabla ya Stewart Cink kumshinda kwenye mashimo ya nyongeza. Mchezaji mwenzake Jack Nicklaus naye alibadilishiwa nyonga ya kushoto mwaka 1999. Wote wawili hupiga kwa mkono wa kulia, na kwa mpigaji wa namna hiyo nyonga ya kushoto ndiyo ya mbele.

Nyonga hiyo ina kazi nzito. Fimbo inaposhuka, uzito huhamia mguu wa mbele na kiwiliwili kizima huzunguka juu yake. Kichwa cha mfupa wa paja hujisokota ndani ya tundu lake kikiwa kimeelemewa na mwili. Nafasi ya kuzunguka isipotosha, gegedu la ukingoni hubanwa na huweza kuchanika. Au kiuno hulazimika kuzunguka badala ya nyonga, nacho kikaanza kuuma.

Jipime leo. Kaa kitini, magoti yakiwa pamoja, kisha peleka unyayo mmoja nje bila goti kuhama. Fanya hivyo na mguu wa pili. Ukiona wa mbele unagoma mapema, usishindane nao. Unaposimama kupiga, geuza vidole vya mguu huo vielekee upande wa lengo kwa nyuzi 20 hadi 30. Hatua hiyo ndogo huipunguzia nyonga msokoto mwingi, nami huanza nayo kabla ya zoezi lolote.

Kosa ninalolichukia zaidi ni la kutoka kwenye foleni ya Nairobi au Dar es Salaam, misuli ya mbele ya nyonga imekakamaa kwa kukaa, na kushika draiva papo hapo. Tembea dakika kumi, bembeza miguu, anza na fimbo fupi. Nyumbani, lala chali, kunja magoti, inua makalio: misuli ya makalio ndiyo inayoituliza nyonga.

Maumivu ya kiungo chenyewe mara nyingi husikika kwenye kinena, wala si ubavuni. Yakikufanya uchechemee, au yakikuamsha usiku, weka fimbo chini na umwone daktari wa mifupa. Tafadhali usiyafunike kwa vidonge ili umalize mashimo 18.