Sungura wa Nyumbani: Utundu Wake na Dhamana Yetu

Twamshukuru Mwenyezi Mungu Aliyetutiishia wanyama, na twamwomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Katika nyumba nyingi za siku hizi, huku kwetu Morotonga katika wilaya ya Serengeti na kwingineko, mtoto akiletewa sungura hufurahi kana kwamba sikukuu mbili zimemjia siku moja. Sungura huyo hukaa bandani siku chache, kisha kwa mapenzi ya watoto huingizwa ndani, akapita sebuleni, jikoni na chini ya vitanda. Haupiti muda mrefu malalamiko huanza: sungura amekata waya, sungura ametafuna mkeka, sungura amefukua sakafu, sungura huyu ni shetani! Fimbo ikatafutwa. Au asubuhi moja mnyama huonekana amelala ubavu, miguu imekauka, watoto walia, na wakubwa wasema kwamba ameuawa na utundu wake mwenyewe.

Neno hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulizungumza. Sisi twasema kwamba utundu haumwui sungura. Kinachomwua ni kile kilichoachwa na mtu mahali ambapo sungura aweza kukifikia. Mnyama hana taklifu. Hakuandikiwa halali wala haramu, wala hataulizwa kwa nini alikata waya wa taa. Aliyeandikiwa ni mwenye nyumba.

SHERIA YASEMAJE

Sungura ni mnyama halali. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik kwamba sungura alishtuliwa mahali paitwapo Marr Dhahran, karibu na Makka. Watu walimfukuza hata wakachoka, naye Anas akamkamata. Abu Talha akamchinja, akampelekea Mtume (S.A.W.) sehemu ya mapaja, naye akaipokea. Kuhusu kumfuga mnyama kwa ajili ya kumfurahisha mtoto, wanavyuoni wameitegemea habari ya Abu Umair, mdogo wake Anas, aliyekuwa na kidege chake cha kuchezea, Mtume (S.A.W.) alikijua kidege kile wala hakumkataza. Lakini waliposema yajuzu waliweka na sharti: mnyama asiteswe.

Sharti hilo si jambo dogo. Kila Mwislamu amekwisha sikia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Basi na aizingatie vyema. Mwanamke yule hakumpiga paka wala hakumchoma moto. Alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwacha atoke akajitafutie mwenyewe vidudu vya ardhi. Kosa lake lilikuwa kumzibia mnyama njia yake, kisha asimpe njia nyingine. Na sungura wa nyumbani ni hivyo hivyo. Sisi ndio tuliomtoa katika majani na mashimo, tukamtia kati ya waya, mkaa na sumu. Tukiisha kumzibia njia yake, usalama wake umekuwa juu ya shingo zetu.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ambaye kitabu chake Minhaj kimesomeshwa sana katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, ameeleza kwamba ni wajibu wa mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha. Akikataa, na mnyama akawa ni wa kuliwa, hulazimishwa kufanya moja katika mambo matatu: amlishe, amwuze, au amchinje. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

TABIA YAKE

Kwanza yapasa kujua kwamba huyu si yule sungura wa porini tunayemwona akikimbia katika mbuga za Serengeti, wala si yule mjanja wa hadithi za mabibi. Yule wa porini hulala juu ya ardhi, na watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Huyu wa nyumbani asili yake ni Ulaya, pande za Hispania na Ureno. Wazee wake walikaa katika mashimo waliyoyachimba wenyewe, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Kwa hiyo anapofukua sakafu ya udongo au kona ya godoro, afanya kazi ya wazee wake.

Na meno yake yote 28 hayaachi kukua maisha yake yote. Yale ya mbele hukua kiasi cha milimita 2 kila wiki. Lau hatatafuna, meno yatampita mdomo na kumzuia kula, naye afe kwa njaa hali chakula kiko mbele yake. Kutafuna kwake ni haja, kama haja yetu ya kuvuta pumzi. Atakayemchapa fimbo kwa ajili hiyo amchapa kwa maumbile aliyoumbiwa na Mola wake. Dawa yake ni kumpa kitu cha halali cha kutafuna: majani makavu mengi kila siku, na vijiti visivyo na sumu. Mwenye shughuli yake haendi kutafuta shughuli ya watu.

MOTO NA UMEME

Mtume (S.A.W.) alituamuru tuzime taa tunapolala, akataja sababu: panya aweza kuuvuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Tazama, ewe msomaji, zaidi ya miaka elfu na mia nne iliyopita tulifundishwa kwamba kijinyama kidogo na moto havilali chumba kimoja. Panya hakuambiwa azime taa. Tulioambiwa ni sisi. Basi kibatari au kandili isiwekwe chini penye sungura. Na jiko la mkaa lisiachwe likiwaka ndani, kwa kuwa sungura akilipiga teke makaa hutawanyika. Tena hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huwaua wanyama na watu pamoja, bila ya harufu ya kuwaonya.

Waya wa umeme nao ni utambi wa zama zetu. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, umeme umefika katika vijiji vingi vilivyokuwa gizani, na wengine wamejipatia umeme wa jua. Hii ni neema. Lakini nyaya huachwa zikilala sakafuni, na simu huwekwa chini zikichajiwa usiku kucha. Sungura akiuona waya mwembamba huuona kama mzizi uliomzibia shimo lake, akaukata kwa mara moja. Basi nyaya na zipandishwe ukutani kadiri ya mita 1, au zipitishwe ndani ya bomba gumu la plastiki, na chaja ichomolewe kazi yake ikiisha. Ikitokea kwamba amepigwa na umeme, mtu asimguse kabla ya kuzima swichi kuu, asije akapatwa yeye pia. Na hata kama mnyama ataonekana mzima, apelekwe kwa bwana mifugo, kwa kuwa madhara ya mdomo na mapafu huweza kujitokeza baadaye.

SUMU NA VINAVYOLIWA

Sungura hawezi kutapika. Neno hili wazazi na walishike sana, kwa kuwa katika hilo yamo mambo mengi. Akimeza kipande cha mfuko wa plastiki, sponji la godoro au nyuzi za zulia, hakirudi kilikotoka. Hukaa tumboni kikamzibia. Wala kumtia maji ya chumvi au maziwa ili atapike hakumfai kitu, bali kwaweza kumpalia.

Sumu ya panya ni adui mkubwa. Aina nyingi za sumu hiyo huizuia damu kuganda, na kazi yake ni ya polepole: mnyama hula leo akaonekana mzima, kisha akafa baada ya siku kadhaa kwa kutokwa na damu ya ndani. Kwa hiyo watu hudhani amekufa kwa ugonjwa. Nyumba yenye sungura anayetembea, au mtoto anayetambaa, isiwekwe sumu hiyo mahali pa wazi. Vivyo hivyo dawa za kuogeshea ng'ombe, dawa za kunyunyizia pamba na mbolea: zote na zikae juu, katika kitu kilichofungwa, wala kopo lake lisigeuzwe kuwa chombo cha kumnyweshea mnyama.

Katika mimea, yapasa kumwepusha na majani ya mparachichi, ya nyanya, ya viazi mviringo, na majani mabichi ya muhogo. Mbegu za mbarika ni sumu kali, na utomvu mweupe wa minyaa ya uani huunguza mdomo na macho. Chakula chake kikubwa ni nyasi; majani ya viazi vitamu na ya mboga yafaa kwa kiasi. Ugali, mikate, biskuti na pipi ambazo watoto humpa kwa mapenzi humharibu tumbo.

Liko na jambo moja ambalo watu hulifanya kwa nia njema. Mnyama akiugua, hupewa vidonge vilivyobaki kabatini. Dawa za jamii ya penisilini, kama amoksilini, zikipita mdomoni mwa sungura huviua vijidudu vya kheri vilivyomo tumboni mwake, na mara nyingi humwua naye. Asipewe dawa ya binadamu bila ya ushauri wa bwana mifugo. Na sungura aliyekaa nusu ya siku bila kula hangojewi mpaka kesho. Hiyo ni dalili ya hatari.

MIKONO, JOTO NA MAADUI

Mifupa ya sungura ni myepesi sana, na miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi. Akibebwa vibaya hupiga teke akavunja mgongo wake mwenyewe. Asinyanyuliwe kwa masikio. Mkono mmoja uwe chini ya kifua na wa pili uzuie makalio, tena mtoto mdogo ampakate akiwa ameketi chini. Masikio hayo si mpini. Ni mahali anapotolea joto la mwili wake, kwa kuwa hana jasho kama letu. Joto likipita digrii 30 huanza kuhangaika, na banda la bati lililo juani laweza kumwua mchana mmoja. Apewe kivuli na maji wakati wote. Akizidiwa, masikio yalowanishwe kwa maji ya baridi kiasi.

Usiku hufikiwa na mbwa, paka, nguchiro na nyoka, na mchana mwewe humwona akiwa uani. Hata wasipomfikia, hofu peke yake yaweza kumwua. Siafu ni wabaya kuliko wote kwa mnyama aliyefungiwa, kwani hana pa kukimbilia. Miguu ya banda isimame ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, nalo banda liwe na wavu imara na kitasa.

TWAHARA NA VITABU

Wengi hutuuliza juu ya sala. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mkojo na mavi ya mnyama ni najisi ijapokuwa mnyama mwenyewe ni wa kuliwa. Bali unyoya uliomdondoka mnyama huyu akiwa hai ni twahara. Kwa hiyo mahali pa kusalia pasiwe mapito yake, na misala ikunjwe na kuwekwa juu baada ya sala. Misahafu na juzuu za watoto zisiachwe mkekani hata kidogo. Ikitafunwa karatasi yenye maneno ya Mwenyezi Mungu, aibu si ya sungura.

ASIYEWEZA AFANYEJE

Huenda msomaji akasema: haya ni mengi, na nyumba yangu ni chumba kimoja chenye jiko, kitanda na watoto wanne. Twamjibu kwamba neno lake ni la haki, na sheria haikumbana. Hapa ndipo tunaporudi kwa Imamu Nawawi. Asiyeweza kumhifadhi mnyama ndani na amjengee banda zuri nje. Asiyeweza hilo, amwuze au ampe mwenye uwezo, au amchinje kwa kisu kikali na kwa jina la Mwenyezi Mungu, nyama yake iliwe. Mlango usiofunguliwa ni wa nne: kumwacha ndani katikati ya hatari, na akifa kusema ni utundu. Wala kumtupa porini si kumwachia huru. Huyu hakulelewa kujihami, na usiku mmoja wamtosha.

Na wazazi wamfundishe mtoto kabla ya kumpa sungura, si baada ya kumzika. Wamwonyeshe waya na kuupandisha pamoja naye, wamwonyeshe majani mema na mabaya, wampe zamu ya maji asubuhi na jioni. Mtoto aliyezoea kuangalia kila jioni kama kiumbe mnyonge yu salama amekwisha soma somo kubwa la amana, na huenda akawaangalia hivyo wazazi wake watakapokuwa wao ndio wanyonge.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wachunga wema wa kila alichotukabidhi, kikubwa na kidogo. Amin.